Nane Juu ya Kumi

Jumapili ya tatu Champa aliamka akijua tayari atapika nini na aanze na lipi. Muhogo alishauchemsha jana, bado kuukaanga tu na kuukamulia ndimu. Unga wa bajia aliuchekecha mara mbili. Chatini ya nazi aliisaga kwa mkono, kwa kuwa mashine huitoa majimaji. Upande wa jiko hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alichokiogopa ni maneno, maana leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuyasema.

Binti yake Usha alikuwa London. Alikuja na walimu wenziwe wanne kutoka Unguja, kozi ya wiki tatu ya namna ya kufundisha sayansi watoto wa skuli za msingi. Wote waliwekwa hosteli moja huko Kilburn, na ndege yao ilikuwa Jumanne. Jumapili mbili zilizopita Usha alikuja Kingsbury kwa wazazi wake. Saa tisa barabara anagonga mlango. Anakunywa chai, anajibu kila anachoulizwa, anasifu chakula. Ikifika saa kumi na mbili anatazama saa yake ya mkononi na kusema, "Naomba ruhusa yenu." Mgeni mwenye adabu zake, huna pa kumtia kosani.

Siku ya kwanza Champa alimlaki mlangoni kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao. Usha akajibu kwa Kiswahili, na tangu hapo hakutoka kwenye Kiswahili. "Ndiyo lugha tuliyoandikiana, mama," alisema alipoulizwa, akaendelea kukoroga chai.

Champa hakutaka makubwa. Alitaka mtoto alale. Usiku mmoja tu, katika kile chumba kidogo cha juu, wasikilizane wakikohoa kupitia ukutani kama watu wa nyumba moja. Mara ya mwisho walipolala chini ya paa moja ilikuwa mwaka wa sabini, na sasa ni themanini na sita.

Walivyoachana ni hivi. Baada ya Mapinduzi Champa na mumewe hawakukimbia kama wengi walivyokimbia. Mumewe, Chaman, alikuwa fundi saa, naye akisema kwamba saa za wakubwa wapya nazo huharibika. Wakakaa miaka sita, riziki ikija kwa kuparazaparaza. Kilichowatoa ni moyo wa mtoto wao wa pili, Kirit. Ulikuwa na tundu. Akilia, midomo inageuka rangi ya zambarau. Daktari akasema mkono wa kuuziba hauko hapa, uko Uingereza. Ofisi ya ruhusa za kusafiri ikatoa karatasi yenye majina matatu, baba, mama na mgonjwa, muda miezi sita. Na binti? Karani alijibu bila ya kunyanyua uso: binti atabaki, ndipo tujue kuwa mtarudi.

Basi Usha, miaka kumi, akabaki kwa shangazi yake Lila, dada yake Chaman, mjane asiye na mtoto, nyumba ya ghorofa moja Hurumzi. Miezi sita ikawa miaka mitatu ya kuingia na kutoka hospitali. Kirit akapona. Lakini karatasi ilikuwa imeshakufa zamani, na aliyepitisha muda akirudi hajui nani atampokea. Champa akaandika maombi mtoto atolewe, mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka hakujibiwa hata "tumepokea".

Asubuhi ya kuondoka alimshika Usha mabega akampa sheria ya barua. Sheria hii kila nyumba ya mtaa ule iliijua. Barua zilikuwa zikifunguliwa njiani na kusomwa. Ya Kigujarati haifiki kabisa, kwa sababu anayesoma haielewi, na asichokielewa hukitilia shaka. Kwa hiyo andika Kiswahili. Usitaje nani kaja wala nani kaondoka. Usitaje kilichoadimika dukani. Usiseme umenikumbuka, watasema unataka kutoroka.

"Niandike nini basi, mama?"

"Andika uliyosomeshwa skuli. Mimi nitakusahihishia nikurudishie. Soma, mwanangu, mpaka uyajue yote, nasi tutakutana."

Alisema hivyo kwa kuwa gari lilikuwa linapiga honi.

Barua ya kwanza ilifika baada ya wiki saba, kurasa mbili za daftari la mistari. Juu kabisa imeandikwa: Maana ya Maneno ya Sayansi. Chini yake: "Mvuke ni maji yaliyopata moto yakapanda juu. Kuganda ni maji kuwa barafu. Barafu mimi sijaiona. Kutu ni ugonjwa wa chuma. Sumaku ni chuma chenye hamu ya chuma chenzake."

Champa alikuwa na elimu ya darasa la sita. Sumaku alikuwa akiijua ile ya kuokotea sindano, basi. Alicheka peke yake jikoni hadi machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea na kicheko hakipo. Alitamani kumwandikia kwamba hajapata kusikia neno zuri kama hilo la chuma chenye hamu. Lakini kati yake na mtoto palikuwa na mtu asiyemjua, kakaa na mkasi wake, anafungua bahasha. Akanunua kalamu nyekundu.

Asubuhi alikuwa akifagia ngazi za uwanja wa mpira wa Wembley, vikombe vya karatasi na maganda ya njugu, na mchana akirudi hupitia maktaba ya mtaani. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, cha kuuliza bei. Mtunza maktaba alikuwa akimtolea vitabu vya watoto vyenye picha. Champa akakaa kwenye kile kiti kifupi cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, akitazama picha ya msumari ndani ya glasi ya maji mpaka akaelewa. Akaandika kwa wekundu: "Kutu hutokea chuma kinapokutana na hewa na maji." Akapiga mstari juu ya neno hamu. Akatia alama: nane juu ya kumi. Kabla ya kurudisha kurasa zile akazinakili zote kwenye daftari lake mwenyewe, neno kwa neno, makosa kama yalivyo, kwa vile mwandiko wa mtoto ulikuwa unarudi ulikotoka naye atabaki na nini?

Hivyo ndivyo walivyoishi, mama na mwana, miaka saba. Msuguano, mvutano, umande, ukungu. Kwa nini kivuli hurefuka. Mizizi hunywa vipi. Wanawake wenzake wa Kingsbury Road wakimtania: "Champa, uzeeni unasomea uhandisi?" Naye hujibu, "Nasomea umama. Kozi yake ndefu." Na alama zilikuwa nane, nane, mara moja tisa, kisha nane. Kumi hakuitoa hata siku moja.

Barua ya mwisho ilikuja mwaka wa sabini na saba. Safari hii haikuwa sayansi, ilikuwa sarufi. "Viunganishi ni maneno yanayounganisha neno na neno, au sentensi na sentensi. Tunga sentensi tano." Nne zilikuwa za kawaida, za paka na mvua. Ya tano: "Mtoto anangoja ingawa hakuambiwa mpaka lini."

Champa aliisoma sentensi ile amesimama, akaisoma ameketi. Akamwona yule mtu wa mkasi akiisoma kabla yake. Akaona mlango wa Lila ukigongwa. Usha alikuwa na miaka kumi na saba, umri ambao mabinti wa mtaa ule walikuwa wakifichwa hata kutajwa, wakubwa wasije wakawaoa kwa nguvu. Akatia alama ya vema, akaandika pembeni: "Sentensi sahihi. Nyengine tunga za wanyama au mimea." Nane juu ya kumi.

Haikuja barua tena.

Miaka tisa. Habari zikapita kwa watu wanaosafiri: Usha amekuwa mwalimu, hajaolewa, anamuuguza Lila. Mpaka mwezi uliopita, ujumbe wa mistari miwili kwamba anakuja kozi.

Sasa saa ilikuwa tisa, na mlango ukagongwa.

Chaman alikuwa kwenye kiti chake kando ya hita, blanketi magotini. Macho yalikuwa yameshamuacha, saa hatengenezi tena, lakini sikio lake lilikuwa zima. Usha alipompa mkono, mzee akaukamata akauleta sikioni.

"Saa hii inakimbia," alisema. "Dakika nne. Ndiyo maana unatukimbia mapema."

"Ni ya Unguja, baba. Imeona baridi inataka kurudi kwao."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Na Champa, sahani ya muhogo mkononi, akaona leo kuna mlango. Watu wakicheka pamoja mlango huwa haujakomewa. Kirit alikuwa kazini, dukani Wembley. Jumapili ya kwanza alikuwepo, akafungua vifungo vya shati lake amwonyeshe dada yake kovu, akijieleza kwa Kiingereza. Usha alilitazama kovu lile muda mrefu, kisha akasema, "Wamekushona vizuri." Hayo tu.

Walikula. Champa akangoja chai ya pili.

"Leo lala, mwanangu. Kesho nitakupeleka mwenyewe Kilburn, mapema, kabla ya watu wa kazini kujaza treni."

"Sikuja na nguo za kulalia."

"Zipo. Mpya. Nilinunua mwezi uliopita."

"Nina ripoti ya kumaliza, mama."

"Iandikie hapa mezani. Nitakaa kimya, hutanisikia."

Usha akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu aje alimtazama mama yake moja kwa moja. "Utakaa kimya," alisema, "au utanisahihishia?"

Chaman akajikohoza. Akasema anakwenda kutazama saa ya ukumbini imesimama, naye haoni hata ukuta wenyewe, akatoka akipapasa.

Champa aliinuka. Alikwenda kabatini, akatoa daftari lenye jalada la plastiki, akaliweka mbele ya binti yake. Aliona hili litasema kuliko yeye. Miaka kumi na sita alikuwa akiiwaza saa hii, namna Usha atakavyofungua na kuona kwamba hapana neno lake lililoanguka chini.

Usha akafungua. Akasoma ukurasa, akafunua, akasoma mwengine. Mvuke. Kutu ni ugonjwa wa chuma. Kidole chake kilikuwa kikifuata mistari kama cha mwalimu, na hakika mwalimu alikuwa.

"Umeandika makosa yangu yote," alisema.

"Nimeandika maneno yako yote."

"Mengi ni makosa."

"Usha, sikuwa na kitu chako chengine. Zenyewe nilikurudishia. Unazo?"

"Nilizichoma."

Alisema kama mtu anayesema nimeuza baiskeli. Akaendelea kufunua mpaka mwisho wa daftari, penye sentensi tano. Akageuza daftari limwelekee mama yake, akaweka kidole juu ya ile ya tano.

"Hii uliielewa?"

"Niliielewa."

"Siku ile ile?"

"Sijamaliza kuisoma nilikuwa nimeshaielewa."

"Ukanambia nitunge za wanyama."

"Kulikuwa na mtu anasoma kabla yako, mwanangu! Wewe binti wa miaka kumi na saba, uko peke yako na mjane. Niliogopa. Nilisema nikijibu neno moja tu la ndani, yule mtu atajua, na atakuja."

"Alikuja," alisema Usha.

Champa akashika ukingo wa meza.

"Si kwa ubaya. Aliitwa Mzee Telesphor, mtu wa bara, mfupi, ana miwani imefungwa uzi. Barua yako ile aliileta kwa mkono wake. Alisimama mlangoni hakutaka kuingia, Shangazi Lila anatetemeka nyuma yangu. Akanipa bahasha akasema, 'Binti, miaka yote hii nasoma masomo yenu. Hata mimi nimeelimika. Lakini leo mama yako angeweza kukupa kumi.' Akavaa kofia yake akaenda zake."

Pale nje barabarani gari lilipita, vikombe vikalia kidogo kwenye visahani vyao. Champa alikuwa akimwogopa mtu huyo miaka kumi na sita. Alikuwa akimuona ndotoni na mkasi. Na kumbe mtu huyo alijua. Alikaa baina yao, anasoma, na akaona upungufu ambao yeye mwenye mtoto alijizuia kuujaza.

"Kumi," Champa alisema taratibu, "sikukunyima kwa ubaya. Nikikupa kumi ina maana hakuna la kusahihisha. Hakuna la kusahihisha, nitakuandikia nini? Ilikuwa ndiyo kamba yangu, hizo alama mbili zilizobaki. Nilikuwa nikitafuta kosa, Usha. Barua nyengine hazina kosa kabisa, na mimi nakaa siku mbili nikitafuta, ili tu niwe na mstari zaidi wa kukuandikia."

Usha alifunga daftari. Alilisogeza pembeni polepole mpaka likawa sawasawa na ukingo wa meza.

"Mimi nilidhani nikipata kumi mtakuja kunichukua," alisema.

Champa akageuka akamtazama.

"Si ulisema? Soma mpaka uyajue yote, tutakutana. Nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Kila barua ikija nakaa chini ya meza ya Shangazi na kuifungua mwenyewe. Nane. Nasema haya, mara ijayo. Nane. Nasoma mpaka mwalimu ananifukuza darasani nikapumzike. Siku iliyokuja tisa," akatabasamu kidogo, na tabasamu lile Champa asingemtakia mtu alione, "siku hiyo nilifunga nguo. Nilizitia kwenye mfuko wa mchele, na viatu juu. Shangazi akanikuta nimekaa ngazini nangoja. Hakuniuliza. Alikaa pembeni yangu mpaka jioni ikaingia, kisha akazitoa nguo moja moja akazikunja upya."

Champa alilia bila ya sauti, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwengine. Hakujitetea. La kujitetea alikuwa nalo, tena kubwa: karatasi, karani, moyo wenye tundu. Yote ya kweli, na hakuna hata moja lililomfika yule mtoto pale ngazini.

"Nisamehe," alisema.

"Sina hasira, mama. Zilikuwepo, zikaisha. Ningekuwa nazo nisingekuja kula muhogo wako." Usha akafuta meza kwa kiganja, makombo ambayo hayakuwepo. "Lakini kulala siwezi. Shangazi Lila macho yamekwisha, kama ya baba. Namtilia uzi kwenye sindano kila asubuhi na anajifanya anashona. Aliniuliza siku ya kuondoka: 'Ukifika kwa mama yako, utarudi?' Nikamwambia nitarudi. Nikilala hapa usiku mmoja, asubuhi utanipikia, utanichana nywele, na mimi sijui kama nitaweza kunyanyuka. Sitaki kumfanya na yeye angoje."

Hapo Champa alielewa kuwa ameshindwa, na kwamba aliyemshinda ni mtu mwema. Haikumpunguzia uchungu.

Saa kumi na mbili Usha akainama akagusa miguu ya baba yake, kama ilivyo dasturi yao. Chaman akaweka mkono juu ya kichwa chake akauacha pale, akisema maneno ya baraka kwa Kigujarati, marefu, akiyarudiarudia ili yasiishe.

Champa akavaa viatu. "Nakusindikiza."

"Baridi, mama."

"Baridi ya hapa ni yangu. Nimeizoea."

Walitembea mpaka stesheni wakipita maduka yanayofungwa, sanduku za bamia na mabiringani zikiingizwa ndani. Champa alikata tiketi ya kituo kimoja, ile rahisi, ili aruhusiwe kushuka ngazi mpaka treni inapopita. Upepo wa Novemba ulikuwa ukivuma njia nzima ya reli. Usha alikuwa na koti la kuazimwa hosteli, kubwa, zipu yake imeng'ata kitambaa katikati na vidole vyake havikujua pa kuanzia.

"Hebu," alisema Champa.

Akaishika zipu. Akairudisha chini taratibu, akakitoa kitambaa kwa ukucha, akailainisha kwa kuipitisha juu chini mara mbili, akaipandisha mpaka shingoni. Usha alisimama, kidevu amekiinua, macho kando, kama wanavyosimama watoto wakivishwa. Zipu ilishafika juu, na mikono ya Champa bado iko pale kwenye ukosi, na Usha hakuiondoa. Wakasimama hivyo mpaka taa za treni zikaonekana.

"Msalimie Lila," Champa alisema. "Mwambie..." Akatafuta. Angeweza kumwambia asante, na asante ilikuwa ndogo mno kiasi cha kuwa tusi. "Mwambie nimekuona."

"Nitamwambia."

Milango ikafunguka, Usha akaingia, akapata kiti upande wa pili. Champa aliona kisogo chake na ule ukosi mkubwa. Treni ikaondoka, na alipogeuka kumfuata kwa macho ilikuwa ni taa mbili nyekundu tu zinazopungua.

Hakupanda ngazi. Alibaki akitazama njia ya reli. Baada ya muda ikaja treni nyengine, milango ikafunguka mbele yake, watu wachache wakashuka na mifuko yao. Mlinzi wa treni akatoa kichwa kwenye behewa la mwisho, akamuona bibi wa Kihindi amesimama na tiketi mkononi, akamuuliza kwa sauti kama anapanda.

Champa akatikisa kichwa. Mlinzi alimngoja kidogo zaidi, labda atabadili shauri, kisha akafunga milango.